Saa Nane Iliyokuwa Saa Mbili

Bi Subiri alikuwa fundi wa programu katika hospitali ya mji, chumba cha nyuma, kule kunakowekwa majalada ya wagonjwa na ndoo za kudekia. Jina hilo alipewa kwa sababu kila aliyemwendea na shida alijibiwa, "Subiri, inafunguka." Si kosa lake, masikini. Programu aliyokuwa akiandikia kazi zake ilikuwa nzito kama gunia lililolowa, na kompyuta yenyewe ilikwisha kula chumvi nyingi.

Asubuhi hiyo kusubiri hakukuwezekana. Daktari wa macho huja mara moja kwa mwezi, na kesho ndiyo siku yake. Mara mbili zilizopita kadi za miadi zilitoka zimeandikwa "saa 8". Mashine ilimaanisha saa mbili asubuhi, lakini wagonjwa, kama watu wote wenye akili zao, walifika saa nane mchana wakakuta mlango umefungwa. Mmoja wao ni shangazi yake, aliyemlea tangu hajaota meno. Jicho moja limekwisha ziba, la pili limeanza ukungu. Na saa sita kamili muuguzi wa macho angekuja kuchukua kadi mpya.

Tabu ni kwamba fundi aliyemtangulia, Mungu amsamehe, alizitawanya saa hizo katika mafaili arobaini na ushei. Huku ametoa sita ili iwe saa ya Kiswahili, kule amesahau. Bi Subiri akayafungua yote kwa pamoja. Kompyuta ikaganda, feni ikavuma kama mzinga wa nyuki.

"Wifi, hilo jiwe litakuua," akasema dada wa mumewe, ambaye walikuwa wakichangia meza. "Jaribu programu yangu. Nyepesi hii."

"Hiyo? Haina hata picha!"

"Picha za nini? Unaandika programu au unatafuta mchumba? Nimwambie kaka?"

Bi Subiri akaiweka, akabofya. Ikafunguka kabla hajainua kidole. Akaifunga, akaifungua tena, akacheka peke yake. Akayamimina mafaili yote arobaini na ushei, wala haikukohoa. Aliyesema haraka haraka haina baraka, hakuwahi kuonja raha hii.

"Bado hujaona," wifi akasema. "Kitu isichokijua, unaiandikia nyongeza, unaifundisha mwenyewe."

"Chochote?"

"Isipokuwa kuosha vyombo."

Mikono ikamwasha. Akaandika mistari kumi na miwili tu: kila ukiona saa, toa sita, kisha andika pembeni kwa Kiswahili. Akaiwasha. Pembeni pakajaa: saa mbili, saa tatu, saa mbili, saa hasi nne.

"Saa hasi nne!" wifi akapiga kofi mezani. "Mgonjwa huyo alikuja jana!"

Bi Subiri hakucheka. Akakodoa macho, halafu akaruka kitini. "Wifi! Hasi ndizo alizokwisha kuzitoa sita yule bwana! Mimi nimezitoa mara ya pili. Hizo ziko sawa, haziguswi. Mbovu ni zilizobaki!"

Akaiagiza nyongeza yake izipake hasi rangi nyekundu, iziache kama zilivyokuwa, na kuzirekebisha nyingine zote. Mafaili yakapita mbele yake kama watoto waliosikia kengele ya kurudi nyumbani. Ilipotimu saa sita kasoro dakika saba, printa ilikuwa ikitema kadi ya mwisho, na muuguzi amesimama mlangoni. Akaisoma ya juu, akaisoma ya chini, akaondoka nazo akitabasamu.

Bi Subiri akapiga simu.

"Shangazi, kesho saa mbili asubuhi."

"Saa mbili yetu, au ya hiyo mashine yako?"

"Yetu, shangazi. Nimeifundisha mwenyewe."

"Haya, mwanangu. Nitafika saa moja. Wanafunzi wengine huwa wagumu."