Mahali pa Kumshona Mheshimiwa

Nina cherehani ya kukanyaga, naiweka barazani karibu na soko la mji wetu wa Baraka, na machache ninayoyajua kuhusu siasa nimejifunza kwa kukata nyuso za watu. Kila uchaguzi ukikaribia, wagombea huchapisha sura zao kwenye vikwembe, yaani vitenge, wakawagawia akina mama, na akina mama huniletea mimi nishone. Kikwembe cha bure ni kikwembe. Hata asiyempenda mgombea huwa hana ugomvi na pamba. Kazi ngumu ni kupanga: pua isipitiwe na mshono, jicho lisiangukie kwapani. Kuna mgombea niliyemkata masikio yote mawili kwa ajili ya kola, na hakuna aliyelalamika.

Shangazi yangu, dada ya baba, ndiye mama prezida, yaani kiongozi, wa wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, ufukweni. Cheo hicho hakina mshahara wala ofisi, kina neno tu. Akisema, wenzake wanafuata. Uchaguzi uliopita alisema, "Huyu." Huyo alikuwa ameahidi daraja kwenye njia ya Lubondja, kule yaliko mashamba yao ya muhogo, mahali ambapo kila mvua hugeuza magogo na udongo kuwa shimo. Wanawake wakampa kura. Mheshimiwa akaenda bungeni Kinshasa, na Kinshasa ni mbali hata kwa ndege. Daraja halikuja, naye mwenyewe hakuja. Tangu hapo shangazi akifika ufukweni, hakosekani mtu wa kumuuliza kwa upole kama daraja amelisahau nyumbani. Alikuwa akicheka pamoja nao, kisha akifika barazani kwangu anakaa kimya. Iliniuma, maana shangazi yangu kunyamaza si jambo la kawaida. Tena walikuwa wameshamwambia wazi: akikosea mara hii, watachagua mama prezida mwingine.

Basi kampeni ziliporudi alinijia na furushi la vikwembe vya wagombea watatu, pamoja na kipande cha kitambaa cha bluu kisicho na sura ya mtu.

"Unishonee nguo moja, mutoto yangu. Ubaweke bote."

"Kifuani nimuweke nani, shangazi?"

"Ngoja kwanza tuseme," akajibu, akavuta kigoda.

Ndivyo tulivyokaa asubuhi hiyo tukijadili sifa za mtu anayefaa kuongoza nchi, yeye akinyoosha vidole, mimi na chaki mkononi. Mgombea wa kwanza alikuwa tajiri mwenye vipaza sauti vikubwa. Nilipendekeza akae begani, anasikika vizuri.

"Mutu wa kelele vile asikaribie sikio yangu," shangazi akasema. Tajiri akashuka hadi pindoni, akapige kelele na vumbi.

Wa pili alikuwa mpole, mwenye kuitikia kila mtu. "Akipanda Minembwe ku milima anaitika. Akishuka huku anaitika," shangazi akasema. "Muweke ku mufuko, tuone kama kuko kitu ndani."

"Lakini shangazi, kusikiliza batu bote si ni muzuri?"

"Ni muzuri sana. Lakini abaambie bote neno moja."

Nikaandika chaki penye mfuko. "Na Mheshimiwa wetu?"

Shangazi akainuka, akanigeuzia mgongo, akajipigapiga makalio taratibu. "Hapa."

Nilicheka hadi nikavunja sindano. Kifua tukakiacha na ile bluu tupu, kwa kuwa hatukupata wa kumweka.

Nguo ilikwenda kanisani Jumapili, na baada ya hapo haikuhitaji kutangazwa. Siku chache baadaye Mheshimiwa akaingia Baraka na jeep zake, akaja ufukweni kuzungumza na akina mama. Nilifunga cherehani nikaenda, jambo kama hilo si la kukosa. Alishika kipaza sauti, akalizungumzia daraja kana kwamba amelifikiria asubuhi ileile. Kisha ikawa zamu ya mama prezida kumkaribisha mgeni. Shangazi akageuka polepole kumtafutia kiti, akainama kukifuta mchanga, akainama tena kukifuta vizuri zaidi, na kila alipoinama yule wa kwenye kikwembe akazidi kutabasamu.

Yule wa kwenye suti hakutabasamu. "Mama," akauliza, "juu ya nini umeniweka pale?"

"Honorabule, si banasemaka kiongozi ni ule anabeba batu? We uko unanibeba tangu asubui. Wengine hii uzito ingebashinda."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwatisha hata kunguru waliokuwa wakivizia ndagala. Mheshimiwa aliingia ndani ya jeep bila kukalia kile kiti, msafara ukashika njia ya Lubondja, ambako watu wengine walikuwa wakimsubiri. Akina mama nao wakachukua vikapu vyao, maana muhogo haungoji siasa. Nikawafuata. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha, na mimi sikuzaliwa jana.

Jeep ya Mheshimiwa tuliikuta imezama shimoni hadi tumboni.

Pale shimoni tuna sheria yetu. Kila anayepita huteremka mtoni, hupandisha jiwe, hulitupa ndani, ndipo avuke. Chifu hupandisha, padri hupandisha, wachunga ng'ombe wanaoshuka kutoka Minembwe hupandisha. Bila sheria hiyo tungekuwa tunaogelea. Walinzi wakawaamuru akina mama wasukume. Hakuna aliyetua kikapu.

"Tutasukuma," shangazi akasema. "Kila mutu alete jiwe yake."

Walinzi wakateremka wakinung'unika, wakarudi na mawe yao. Akina mama nao wakaleta yao. Mheshimiwa alibaki amekaa ndani.

"Na yeye pia?" dereva akauliza.

"Yeye njo wa kwanza. Ni yeye alituahidi."

Mlango ukachukua muda kufunguka. Akavua viatu, akakunja suruali, akateremka. Alipopanda alikuwa na jiwe begani, na haki yake nimpe, halikuwa dogo. Aliteleza, akapiga goti, matope yakapanda hadi kwenye tai. Hapo hakuna aliyecheka, nami nilimhurumia bila kutaka. Alilitupa shimoni akasimama akihema.

"Iko muzito," akasema, safari hii bila kipaza sauti.

"Njo vile," shangazi akajibu, akaegemeza bega kwenye jeep.

Ilipotoka, wanawake wakamzunguka shangazi. "Sasa, mama prezida, tumupe kura?"

"Mara hii sitoi neno. Mutaangalia nguo yangu."

Kesho yake alikuwa barazani kwangu mapema. "Mutoe kule nyuma."

"Nimupandishe kifuani?"

"Ku mukono. Alibeba jiwe moja."

"Na kifua?"

"Hapo ni pa ule atabeba ya pili bila jeep yake kuzama."

Wanawake waliiangalia nguo, kila mmoja akapiga kura yake kwa akili yake, na hakuna tena aliyekitaka cheo cha shangazi. Mheshimiwa alishinda. Mvua zimekuja zikapita, mawe tunapandisha wenyewe, na bluu ya kifuani imepauka kwa jua. Ufukweni hawamuulizi tena shangazi habari za daraja. Wanamtazama kifua kwanza, ndipo wanamsalimu.

Wiki iliyopita aliniletea ile nguo, imechanika kwapani. Nilipoiona ile sura kwenye mkono wa nguo nilipandwa na hasira, nikashika mkasi. "Shangazi, tumurudishe kwake nyuma?"

"Muache. Hii mukono njo naonyeshaka nayo batu shimo ya Lubondja."

Nikaweka mkasi chini, nikashona lile kwapa kwa uzi maradufu.