Picha ya Ubatizo Iliyokwama Ndani ya Kasha

Mume wangu ndiye mpiga picha pekee pale mjini Maua aliyekuwa na kamera ya kupiga picha chini ya maji, na watu walimcheka mpaka wakachoka. "Utapiga nani? Vyura?" Bahari iko wapi na milima yetu ya Nyambene iko wapi! Lakini makanisa yetu mengi yalibatiza mtoni, mtu mzima anazamishwa mzima mzima, na kila aliyebatizwa alitaka picha. Yeye akawauzia ile ya chini ya maji. Ungemsikia akiisifu ungedhani amesomea uchungaji.

Kamera yenyewe ilikuwa ya kawaida, ya filamu. Kilichozuia maji ni kasha lake la alumini, lenye kioo mbele na kifuniko cha mviringo nyuma, cha kufunga kwa kuzungusha. Kati ya kifuniko na kasha kulikuwa na pete nyembamba ya mpira, iliyotaka kupakwa grisi yake maalum. Grisi ilipoisha, mimi ndiye niliyesema, "Si tuna mafuta ya kukamulia ng'ombe? Yanalainisha chuchu, yatashindwa na mpira?" Akapaka. Tukajiona wajanja sana.

Halafu likizo moja akaenda Mombasa na kwaya, akaingia baharini na kasha lake, akarudi na picha kumi za miguu ya waimbaji. Kuliosha aliliosha vile anavyonawa mikono akiwa na njaa. Akaweka filamu mpya, akafunga, akalitupa chini ya kitanda.

Mama yake alikuwa amekataa ubatizo miaka yote. Imani alikuwa nayo kutuzidi sote, ila aliogopa maji. Mto ulimchukua dada yake wakiwa wasichana, wakichota maji, na tangu siku hiyo hakuvuka hata daraja bila kushika mtu. Mwaka ule macho yake yakaanza kuingia ukungu, na daktari akamwambia wazi kwamba yataendelea kufifia. Jioni moja akatuita.

"Nitabatizwa," akasema. "Na picha yangu nataka kuiona kwa macho haya. Sitaki mje kunielezea."

Siku ya ubatizo mume wangu aliingia mtoni pamoja naye, maji kifuani, kasha mkononi. Mchungaji alimzamisha mara moja. Alipotoka alikohoa, akatema maji, akaanza kuimba kabla hata ya kushusha pumzi. Mimi nililia ukingoni bila aibu.

Tukafika nyumbani, kifuniko kikakataa kuzunguka.

Mume wangu alijaribu kwa kitambaa, kwa magoti, kwa maneno ambayo mama yake hakupaswa kuyasikia. Alipoleta spana ya mabomba nilimnyang'anya. Akaenda kumwita fundi wa baiskeli, naye akaja na msumeno wa chuma, anatabasamu. "Dakika tano tu, mama."

"Ukate, kioo kipasuke, filamu iharibike, halafu umrudishe huyu mzee mtoni?" nikamuuliza. "Toka kwangu na msumeno wako!"

Kila asubuhi mama mkwe alikaa kwenye benchi nje na kuuliza, "Imefunguka?" Kisha anatazama shamba. Jumatatu alisema anaona majani ya sukuma wiki. Alhamisi alisema anaona rangi tu. Tulikuwa tunashindana na macho yake.

Basi nikalichukua lile kasha mimi. Kwenye maungio kulikuwa na unga mweupe, mgumu, na hapo nikaelewa kwamba ni chumvi ya Mombasa, iliyokaukia kwenye nyuzi za kuzungushia kifuniko ikaila alumini. Nikaliweka kwenye beseni la maji ya mvua, nikayabadilisha asubuhi na jioni, nikisugua maungio kwa mswaki mkuukuu. Siku ya nne nikadondosha siki kidogo, nikasuuza. Kisha nikazungushia kifuniko peke yake kitambaa cha maji moto, kitanuke kabla ya kasha lenyewe. Maji ya moto wa kuvumilika na mkono, kwa sababu filamu ilikuwa ndani. Mwisho nikachukua ukanda wa tyubu ya baiskeli, kama ule wa kufungia magunia ya miraa, nikauviringisha kwenye kifuniko kisiteleze, mume wangu akalikumbatia kasha kifuani na kukishika.

"Kwanza kaza," nikamwambia.

"Wewe mwanamke, tunafungua!"

"Kaza kidogo tu, ule ugumu uvunjike. Ndipo ufungue."

Kikalia kriii, kikaachia. Pete ya mpira ikatoka imevimba, imenenepa kama mnyoo. Hiyo ilikuwa kazi ya mafuta yangu ya ng'ombe. Nilinyamaza kabisa, jambo ambalo mume wangu aliwasimulia wageni kwa miaka mingi. Tangu hapo kasha lilikaa ndooni saa nzima kila baada ya kazi, pete ikatolewa na kufutwa, na mafuta ya kukamulia yakabaki kwa ng'ombe.

Mume wangu alipotoka kusafisha picha, uso ulikuwa umemshuka. Sura ya mama haikuwepo. Kulikuwa na mapovu, gauni jeupe limefunguka majini, na pembeni mkono wa kushoto wa mpiga picha mwenyewe umekamata pindo la gauni.

"Nilimwona anaelea, mkono ukaenda wenyewe," akasema. "Nimwambie filamu iliungua."

"Utampa hiyo hiyo," nikasema.

Mama mkwe aliipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaisogeza mpaka ikagusa pua.

"Huu mkono ni wa nani?"

"Ni wangu, mama. Nimekuharibia picha. Nisamehe."

Sote watatu tulikuwa tunakumbuka kitu kimoja. Jumapili iliyopita alikuwa amesimama mbele ya kanisa zima, akashuhudia kwamba kule chini, alipodhani anaenda alikoenda dada yake, Bwana Yesu alimshika nguo, na hofu yote ikamtoka. Watu walipiga makofi mpaka mabati yakatetemeka.

Mume wangu akainamisha kichwa. "Mama, si lazima mtu ajue."

"Ajue nini?" akasema, akiwa bado ameibandika ile picha usoni. "Kwani uongo niliusema wapi?"