Ombi Nililolisoma Nyumbani kwa Mama Mkwe

Haya nayaandika uso ukiniwaka, na niko peke yangu chumbani, hakuna anayenitazama ila mke wangu aliyechungulia mara moja, akacheka, akaenda zake. Mimi ni kiongozi wa jumuiya yetu hapa Lukozi, nyumba tisa, Walutheri wote, na sikuchaguliwa kwa elimu (niliishia darasa la saba) bali kwa sababu siku ya uchaguzi wenzangu wote walitazama chini.

Kazi hii ni ndogo ukiisikia, nzito ukiibeba. Watu wanakunong'oneza njiani, shambani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga: "Baba Eliya, niombee." Unasema nitakuombea, unaandika kwenye daftari usisahau, kisha unaenda kuomba. Basi wiki ile kuandika niliandika, kuomba sikuomba. Ukungu ulikuwa umeshika viazi, nikawa napulizia dawa tangu alfajiri, jioni nikipiga magoti nasinzia pale pale kwenye ukingo wa kitanda, najiambia kesho.

Jumamosi asubuhi tukakutana kwa Bibi Naemi, anakoishi na mwanawe, Baba Upendo, na mkwewe, Mama Upendo. Nikawaona wale niliowaahidi, kila mmoja ametulia kama mtu anayejua ameombewa, roho ikanisuta mno. Ndipo nikaamua kitu kidogo tu: nitawaombea wote leo, kwa mkupuo mmoja, jicho moja limefumbwa na jingine liko kwenye daftari.

"Tufumbe macho," nikasema.

Nilianza vizuri. Goti la Mzee Shemweta likaitikiwa "Amina". Ng'ombe wa jirani aliyegoma kula akaitikiwa. Sauti ikapanda, nikapata moto (nakiri, nilijisikia kama mwinjilisti), nikafika mstari wa Mama Upendo nikauomba wote kabla akili haijanifikia: "Ee Bwana, mkumbuke dada yetu Mama Upendo, uuzuie ulimi wa mama mkwe wake, maana amechoka, Bwana, nguo ameshazifunga kwenye mfuko, anangoja siku tu arudi kwao Mlola!"

Hakuna aliyeitikia.

Nanyi mnajua kwetu sala haikatizwi, hata sufuria iungue jikoni itangoja Amina. Kwa hiyo watu wakakohoa. Mzee Shemweta akasema "Amina!" kwa nguvu, anisaidie kufunga. Mimi badala ya kufunga nikaona si haki, nimemsemea mmoja tu, na Bibi Naemi si mama mbaya, na yeye ana upande wake, tena alishaninong'oneza siku yake. Basi nikauomba na huo: "Na mama mkwe naye umtazame, Bwana, maana analetewa maharage hayajaiva, na mkwewe anaringa eti kwa kuwa baba yake ni mwalimu..."

"Nguo zipi?"

Alikuwa Baba Upendo, katikati ya sala, macho yamemtoka.

Mzee Shemweta akaanzisha pambio. Liliimbwa kwa nguvu ambayo jumuiya yetu haijawahi kuwa nayo, hata wasiojua kuimba waliimba, na pambio likiendelea Mama Upendo akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma. Uji tuliopikiwa haukunyweka. Bibi Naemi alinisindikiza mpaka mlangoni, akaniambia kwa upole ulionichoma kuliko tusi, "Baba Eliya, siku nyingine ukija kwangu, njoo na sala fupi."

Kabla ya saa sita bodaboda ilimpitisha Mama Upendo mbele ya duka, mfuko mapajani.

Siku nane hakurudi. Kila nikisikia pikipiki inapanda kilima natoka nje. Niliomba sana siku hizo, lakini niseme kweli, nusu ya maombi yale ilikuwa hofu ya kuitwa mvunja ndoa. Siku ya tisa Baba Upendo na Bibi Naemi mwenyewe walimfuata, wakarudi naye. Walizungumza nini huko sijui, na sijidai kwamba ni maombi yangu.

Nikaenda kuomba msamaha. Mama Upendo alikuwa kibarazani, anapukuchua maharage.

"Shikamoo, Baba Eliya."

"Marahaba, mwanangu." Nikajieleza, nikarudia, nikajichanganya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"La kunisoma mbele ya watu nimeshasamehe," akasema. "Nina swali moja. Zile siku kabla ya Jumamosi, uliniombea?"

Nikatazama maharage.

"Maana kila jioni Bibi akinisema nilinyamaza, najiambia, vumilia, saa hizi Baba Eliya yuko magotini kwa ajili yako."

Nilisema, "Sikuomba, mwanangu." Akaendelea kupukuchua.

Sasa mtu akiniambia niombee, simwahidi. Natua bomba la dawa mgongoni, tunaomba hapo hapo, wawili, kwa sauti ya chini. Ila wanaonijia ni wachache. Kwenye jumuiya nikiuliza mahitaji, wanasema tuombee mvua, tuombee amani ya nchi. Mama Upendo hajaniletea ombi jingine. Namwombea hivyo hivyo kila jioni, kabla sijavua viatu, maana nikishavua najijua.