Tani Sitini za Rangi

Mke wangu aliandika namba ubavuni mwa mabehewa ya mizigo. Miaka ishirini na sita. Bati lililotobolewa tarakimu, brashi, kopo la rangi nyeupe. Karakana nzima ilimwita Mama Namba. Mimi nilikuwa mpakiaji pale pale. Shule sikuiona, namba alinifundisha yeye.

Wapakiaji walimtania. "Mama Namba, niandikie na mimi tani zangu!"

"Wewe? Kilo hamsini, na ishirini ni za mdomo."

Mabehewa yetu yaliandikwa arobaini: tani arobaini, usizidishe. Ya nchi jirani yalipita kwenye reli hiyo hiyo na sitini. Ya nchi ya tatu, sabini. Hatukuona ajabu. Yao yana ekseli nene na springi mpya. Yetu yamechoka.

Kisha meneja akaenda mkutanoni na wakubwa wa nchi hizo. Wakalinganisha namba. Akarudi amenuna.

"Wenzetu sitini, sisi arobaini. Aibu gani hii? Mama, futa. Andika sitini."

"Springi mmebadilisha?"

"Kazi yako ni rangi."

"Basi rangi yangu haisemi uongo, mheshimiwa."

Akampa siku tatu. Aandike, au aache kazi na nyumba ya kampuni. Nyumba alipewa yeye, si mimi.

Nilimwambia, "Paka tu, mama. Rangi haina uzito."

"Tani ishirini zina uzito, baba watoto. Mtu atakufa."

"Mnyonge hana haki. Tutalala wapi?"

Hakuandika. Siku ya nne tulibeba virago hadi chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya gereji. Ukuta ulilowa hata kiangazi. Nilimnunia mwezi mzima. Nilisema kiburi chake ndicho kimetufikisha pale.

Sitini iliandikwa na fundi mwingine. Mimi na wenzangu tukapakia sitini, maana tungekula nini? Mwezi wa tano, kwenye kona ya kushukia darajani, springi ikakatika. Mabehewa manne yakalala. Msaidizi wa dereva akafa. Ripoti ikasema ni mwendo kasi. Dereva akabebeshwa lawama.

Kimya kimya wakataka arobaini irudi. Yule fundi mkono ulikuwa unamtetemeka tangu ajali, basi wakamwita mke wangu, kibarua cha wiki moja. Akaenda. Akaandika yote, moja moja. Alipomaliza akauliza kama amerudishwa kazini.

"Nafasi ina mtu, mama," meneja akamjibu. Mtu mwenyewe ni yule wa sitini.

Alirudi nyumbani na rangi kwenye kucha. Nikamwambia, "Umeona? Umepata nini sasa?"

Alikaa kitandani akavua viatu.

Kifua kilimchukua miaka mitatu baadaye, chumba kile kile. Meneja alituma shada la maua. Nililitupa jalalani.

Miaka mitatu nililala naye kitanda kimoja. Nilimwambia funga dirisha, nilimwambia chai imepoa. Kwamba alikuwa na haki, sikumwambia.