Furu Mwekundu wa Silasi

Shemeji yangu Silasi ni mvuvi wa Makoko, hapa Musoma. Furu ni samaki mdogo, wengi wanamfanya chambo tu, lakini Silasi anakaaga kumtazama. Ananiambiaga, "Shemeji, wekundu wa hawa madume ni kazi ya majike. Dume aliyepauka wanampita kama hawajamwona."

Siku hizi watu wamelima mpaka majini. Mvua inashusha udongo, ziwa limekuwa uji wa ulezi. Jike haoni rangi, anamchukua yeyote, watoto wanatoka kijivu. Mwaka jana Silasi alipata dume mmoja mwekundu na jike mmoja wa aina yake. Nyavu hazikumpa tena mwingine. Akajenga tanki la saruji uani awazalishe, wasiishe kabisa.

Humo humo akaweka na madume wa buluu, furu wa aina nyingine, apate kuona jike akichagua. Nikamwambia awatoe.

"Jike anajua wake," akasema. "Maji ni safi, ataona."

"Mkeo naye alijua wake. Si yuko Manyamanyama kwa mwanamume mwingine?"

Akacheka.

Na kweli, jike alimfuata mwekundu tu. Wa buluu wakimchezea, anawageuzia mkia. Kabla hajataga akaanza kuja mdiria, yule ndege mla samaki. Silasi akafunika tanki kwa turubai la rangi ya chungwa. Chini yake kila samaki akawa rangi moja. Asubuhi moja akainua pembe awape chakula, akakuta jike anaokota mayai yake kwa mdomo, na anayetetemeka mbele yake, akiyarutubisha, ni wa buluu. Furu analea mayai mdomoni. Hapo hakuna cha kurekebisha.

Nilikwenda nimejiandaa kumsema. Nikamkuta amechutama, nikachutama naye.

"Hakukosea," akasema. "Aliangalia. Mimi ndiye nilimwondolea cha kuangalia."

Jike akilea hali chakula. Huyu alikonda akabaki kichwa, akawatema watoto, akafa. Watoto wenyewe si wekundu, si wa buluu.

Turubai Silasi amelitoa. Dume mwekundu bado anachimba shimo lake mchangani, anang'aa, anacheza, hakuna anayemtazama. Silasi anakaa pembeni na fimbo kufukuza ndege, jioni anakwenda kutega nyavu kwenye mawe yale yale alikowapata wale wawili. Nikimuuliza anamlindia nani, haniangalii.

"Ziwa ni kubwa, shemeji. Mmoja anaweza kuwa amebaki."