Hakimu wa Lango la Mbwa

Mimi ni mpishi. Watu wakiniuliza nampikia nani, huwa nabadilisha mazungumzo, maana nikisema nawapikia mbwa, nusu yao wanacheka na nusu nyingine hawali tena kwangu. Nina sufuria mbili kubwa na mwiko mrefu kama mkono wangu, na kila asubuhi nachemsha unga na mabaki ya bucha mpaka hata kitambaa changu cha kichwa kinanuka mchuzi. Huu ni mwaka wangu wa nne katika kituo cha wanyama waliotupwa. Nimeyaona mengi ya kuniacha mdomo wazi, lakini hakuna lililonishtua kama lile la Hakimu, na yeye inabidi nimweleze kwanza.

Hakimu si hakimu wa kweli. Ni mama wa makamo, mnene kiasi, magoti yanamsumbua, na koti lake la kazi hupigwa pasi likakaa utadhani anakwenda harusini. Alianza kwa kufagia vibanda miaka kumi na minane iliyopita, akapanda taratibu mpaka kiti cha dirishani, pale wanyama wanapopokelewa. Kila mnyama hufunguliwa kadi: dume au jike, rangi, umri, na mstari wa mwisho kabisa, “Sababu ya kuletwa”. Ni mstari huo uliompa jina.

Mtu akisema, “Tunahama,” Hakimu anamtazama juu ya miwani. “Mnahamia wapi kusikokaa mbwa? Mwezini?” Mtu akisema mtoto anapiga chafya, anauliza kama mtoto naye ataletwa wiki ijayo. Dada mmoja aliyependeza sana alileta paka kwa sababu rangi yake haiendani na makochi mapya. Niliposimuliwa nilidhani natiwa utani. Kadi ipo, nimeisoma kwa macho yangu. Hakimu aliandika maneno yale yale, kisha akamwambia, “Na mumeo mwangalie, asije akapauka.”

Kwa wanyama alikuwa mtu mwingine kabisa. Mbwa aliwapa vyeo: Waziri, Mwenyekiti, Bwana Harusi. Alijua nani hali mpaka asemeshwe na nani anaogopa fagio. Na alikuwa na fundo lake la kamba ambalo sisi wengine lilitushinda, kitanzi ndani ya kitanzi. Mbwa akivuta halimkabi, na wewe ukitaka kulifungua unavuta ncha kwa kidole kimoja tu. Alifundishwa na baba yake, aliyefunga maturubai ya malori maisha yake yote. “Fundo hili duniani linajulikana na watu wawili,” alikuwa akijigamba, “mimi na baba.” Nilijaribu kuliiga mwezi mzima, nikaishia kujifunga kidole.

Sasa nije kwenye tangazo alilolitundika langoni. Mwaka jana, saa ya chakula cha mchana, lango limefungwa, mtu alituachia boksi nje limezungushiwa selotepu kila upande. Jua lilikuwa la kupasua kichwa. Tulipofungua tulikuta watoto wa mbwa watano, wawili wameshakufa. Sitaeleza zaidi ya hapo. Hakimu hakulia. Alitundika turubai langoni ili kuwe na kivuli, akaweka na karai la maji. Hayo yalikuwa ya wanyama. Kwa ajili ya binadamu alitafuta ubao na rangi nyekundu, akaandika kwa mkono wake:

UNAYETUPA MNYAMA HAPA, HATUTAKI KUJUA SABABU YAKO. HUNA UTU.

Tangu siku hiyo, mnyama akikutwa amefungwa langoni, mstari wa mwisho wa kadi ulijazwa neno moja tu: “Hakuna.” Na kuanzia saa saba mpaka saa nane hatukumfungulia mtu, abishe asibishe. “Mwenye shida ya kweli atasubiri,” alisema Hakimu. Nilimuunga mkono. Ningekuwa na mikono minne ningemuunga yote.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Tulikuwa tunakula kwenye benchi nyuma ya jiko langu, mimi, Hakimu na dereva wa gari la kituo. Simu ya Hakimu ilikuwa ofisini inachajiwa. Tukasikia lango linabishwa. Mara tatu, polepole, kimya kidogo, halafu tena mara tatu.

Nikataka kuinuka.

“Kaa ule,” alisema Hakimu. “Huyo ana kamba mkononi.”

“Lakini anabisha kwa adabu,” dereva akasema.

“Adabu ya kutupa ni hiyo hiyo. Nipe chumvi.”

Tukacheka. Nasema tulicheka kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kila nikikumbuka natamani ardhi inimeze. Lango likabishwa mara ya mwisho, kisha kukawa kimya.

Saa nane nikafungua. Mbwa alikuwa amelala kivulini, kahawia, mdomo umejaa mvi, juu ya blanketi lililokunjwa vizuri mara nne. Karai la maji lilikuwa limejazwa pomoni, na pembeni kulikuwa na kifuko chenye chanuo na bakuli la kulia. Kusema kweli nilishangaa. Wanaotupa hawaachi chanuo. Lakini kazi ni kazi, nikamtajia Hakimu sifa zake kwa sauti, naye alikuwa keshakaa dirishani na kadi mpya.

“Dume, dada! Kahawia! Mzee!”

“Amekula ujana wake, uzee anatuletea sisi,” Hakimu akajibu bila kuinua kichwa. “Sababu, hakuna.” Nikaona kalamu inakwenda.

Nikainama kumfungua. Nilivuta ncha ya kamba kwa kidole kimoja na fundo likaachia lenyewe. Nikabaki nimeinama pale pale.

“Dada,” nikaita, “huyu umemfunga wewe? Saa ngapi?”

“Nimemfunga nani?”

“Huyu mbwa. Fundo lako hili.”

Alitoka akiwa na kalamu mkononi. Kabla hajafika, yule mbwa alisimama, akaanza kulia kwa sauti nyembamba, kiuno chote kikitikisika pamoja na mkia, akaenda kuingiza kichwa katikati ya magoti ya Hakimu. Hakimu alishika nguzo ya lango.

“Jirani,” alisema. “Huyu ni Jirani. Mbwa wa baba.”

Nilikuwa nimesikia habari za Jirani. Mama yake alipofariki, miaka sita nyuma, Hakimu alimchukua mbwa kutoka kituo hiki hiki, mimi sijafika bado, akampelekea baba yake asikae peke yake. Mzee akampa jina la Jirani kwa sababu, alisema, huyo ndiye jirani pekee ambaye hatamsengenya.

“Wamemwibia baba mbwa!” Hakimu akapaza sauti. “Jamani, wamemwibia mzee wa watu!”

Nilikuwa bado nimeshika kamba, na alipoitazama nikaona akili yake inafika pale ilipokuwa imefika yangu. Mwizi hajui lile fundo. Akainua macho taratibu, kutoka kwenye kamba mpaka kwenye ubao wake mwenyewe, uliokuwa juu kidogo ya kichwa cha mbwa. Nimewaona watu wakipewa habari za msiba. Sijaona uso kama ule. Mimi mwenyewe nilikumbuka jinsi lango lilivyobishwa, tatu na tatu.

Simu ilikuwa na miito miwili ya baba yake, saa saba na dakika tano na saa saba na dakika kumi. Alipompigia, haipatikani.

Dereva hakungoja kuambiwa. Tuliingia garini sote, Jirani akalala juu ya miguu ya Hakimu. Njia nzima Hakimu alizungumza akitazama mbele, kama mtu anayejisomea mashtaka.

“Juzi juzi aliniuliza kwenye simu. Akasema, eti mtu akilazwa hospitali, mbwa wake mnaweza kumtunza siku chache? Nikamwambia, baba, wote wanaokuja wana wagonjwa, ni visingizio hivyo. Akasema, haya mwanangu. Halafu tukaongea habari za mvua.” Akampapasa Jirani masikio. “Za mvua, mdogo wangu. Nikamuuliza kama paa linavuja.”

Mlango wa mzee ulikuwa umefungwa; tukachungulia dirishani, tukaona ndani kumefagiliwa. Kitanda kimetandikwa, kikombe kimefunikwa kifudifudi mezani, ndoo zimepangwa ukutani. Ule usafi ulinitisha, kwa sababu nyumba ya mtu anayerudi jioni haiwi vile. Mama wa nyumba ya pili akatokea na funguo.

“Baba si ameenda kupasuliwa tumbo leo!” alisema. “Alitakiwa afike kabla ya saa nane, akichelewa anapangiwa upya, na daktari kamwambia hali hairuhusu kungoja. Kasema wewe unajua. Kasema mbwa utakaa naye wewe.” Akatutazama mmoja mmoja. “Kwani hukujua?”

Hakimu, mwanamke ambaye hajawahi kukosa jibu, alimvuta Jirani tukarudi garini.

Tulimkuta wodini, kitanda cha kwanza mlangoni, amevalishwa gauni la hospitali, miguu yake mikavu imetokeza chini. Viatu alivipanga sawasawa chini ya kitanda. Hakimu alisimama mbele yake kama nguzo. Hata kuamkia alisahau, ikabidi nimwamkie mimi.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mwanangu,” alinijibu mzee, mimi ambaye hanijui.

“Baba, kwa nini hukuniambia?” Hakimu alisema.

“Nilikuja nikwambie. Nilibisha.”

Nilidhani Hakimu atasema hatukusikia. Ingekuwa rahisi, na mimi ningemsaidia kusema.

“Nilisikia,” alisema Hakimu. “Nilisikia, baba. Nilikuwa nakula.”

Mzee alivuta gauni lifunike magoti. “Mtu anayefanya kazi lazima ale,” alisema. “Kamba nilimwachia ndefu. Kivuli hakikumkimbia?”

“Hakikumkimbia.”

“Basi vizuri. Na tangazo nimelisoma. Mwandiko wako bado mzuri.”

Angetutukana ningeshukuru. Angeinua mkono akatuzaba vibao wote wawili ningesema asante baba, lete na kingine. Lakini alisema vile kwa moyo mweupe, akimsifia binti yake mwandiko, na mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta dereva. Niliporudi walikuwa wanamsukuma kwenda chumba cha upasuaji, Hakimu ameshika chuma cha kitanda, anatembea naye, mpaka muuguzi akamwachanisha vidole kimoja kimoja.

Alipona. Nawaambia mapema msije mkashika roho bure. Alikaa hospitali wiki mbili, na nyumbani kwa Hakimu wiki nyingine mbili. Jirani alibaki kituoni muda wote huo, kwa sababu nyumba ya Hakimu ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki mbwa. Ndiyo, hata mimi sikujua. Miaka yote aliyowauliza watu kama wanahamia mwezini, yeye mwenyewe alikuwa akiishi huko huko.

Ule ubao aliung’oa siku ile ile, kwa mikono, misumari ikamchana. Saa ya chakula tukaanza kukaa langoni kwa zamu. Na pale dirishani pakawekwa kiti cha pili, cha mgeni, na Hakimu akajifunza neno ambalo hatukuwahi kulisikia kwake: “Karibu ukae, unieleze.” Lilimtoka kwa shida mwanzoni, kama kiatu kipya kinavyobana. Tulianza kudhani yameisha.

Siku ya kumchukua Jirani, mzee alikuja na fimbo, amekonda, shati limefungwa kifungo mpaka cha shingo. Hakimu alikwenda vibandani kumchana mbwa, mimi nikashika dirisha. Utaratibu wetu hakuna mnyama anayetoka mpaka anayemchukua asaini kadi. Nikaitafuta kwenye sanduku, nikampa bila kuitazama.

Mzee aliisogeza mbali na macho, akaisoma yote, mstari kwa mstari, jinsi wanavyosoma wazee wanaoheshimu karatasi. Ndipo nilipouona mstari wa mwisho, kwa kinyumenyume kutoka upande wangu. Tulikuwa tumeng’oa ubao, tumebadilisha zamu, tumenunua kiti, na ile kadi ilikuwa imekaa sandukuni mwezi mzima, hakuna hata mmoja wetu aliyeikumbuka.

“Baba, hiyo ni… hiyo ya zamani, ngoja nikuandikie nyingine.”

“Hii inatosha. Kalamu, mwanangu.”

Akasaini. Lakini hakurudisha kalamu. Aliinama tena, akaandika kitu pale chini, polepole, ncha ya ulimi imetoka kidogo kama mtoto wa shule. Kisha akanirudishia vyote viwili.

Hakimu alikuja na Jirani aking’aa. Mzee alipokea kamba, akamshukuru binti yake kwa kumtunza, akamwambia asikose Jumapili. Wakaondoka, fimbo upande mmoja na mbwa upande mwingine, wakienda mwendo wao wa kizee.

“Alisaini?” Hakimu akaniuliza, akanyoosha mkono.

Ningeweza kuificha. Niliwaza hivyo, kisha nikampa.

Aliisoma akiwa amesimama. Pembeni ya “Hakuna” yake, kwa herufi zilizotetemeka, baba yake alikuwa ameandika: “Ilikuwepo.”