Kidimbwi cha Samaki Katika Nyumba ya Maziwa

Kidimbwi kile sikukitaka. Wakati wa Wabelgiji, huko kwetu Ngungu milimani, monitere wa kilimo, yaani bwana shamba wa serikali, alipita akisema kila boma lenye bonde lichimbe kidimbwi cha samaki. Mume wangu akachimba, maana amri ni amri. Kuchimba kulikuwa kwake, kulisha kukawa kwangu. Asubuhi nilishuka mlima na samadi kichwani na majani ya viazi kwapani, kisha nikapanda tena kuchota maji, kulima, kusuka maziwa kibuyuni yatoe siagi. Mgongo ulikuwa wangu, lakini nyumba nzima iliutumia.

Nilikuwa nimeolewa na wafugaji. Kwa mama mkwe wangu sheria ilikuwa moja: aliyeonja samaki hashiki tena kibuyu cha maziwa, wala hanywi maziwa, la sivyo ng'ombe watakauka. Tulikuwa Wakristo, Jumapili tulisali, lakini sheria hiyo hatukupewa na padri, na padri hakuweza kutuondolea. Basi samaki tuliwalisha tu, hatukuwala. Kazi ya bure, nilisema, na nilisema kwa sauti.

Kisha ugonjwa ukapita zizini na maziwa yakapungua. Mtoto wangu, niliyemwachisha ziwa mapema kwa sababu mimba nyingine ilikuwa imeingia, akaanza kuvimba miguu. Nywele zikageuka nyekundu. Hakulia, hakucheza. Mtoto asiyelia anachosha moyo kuliko anayelia. Infirmie, muuguzi wa dispanseri, alimbonyeza mguu, kidole kikaacha shimo.

"Mama, umupatie samaki," aliniambia. "Si muko na kidimbwi?"

Nilirudi nimembeba, nikiogopa njia nzima. Mtoto wangu wa kwanza nilikuwa nimemzika, na nguvu za kuzika mwingine sikuwa nazo. Nyumbani niliyasema hayo mama mkwe akisikia; mume wangu alitazama chini, akasema samaki wenyewe bado wachache, tungoje waongezeke. Alikuwa anamwogopa mama yake. Nami nilimwogopa mama huyo.

Kwa baridi ya milima yetu samaki walizaa kwa uvivu. Kila siku nilichungulia maji. Nikaona jike mmoja mkubwa ameacha kula. Majani yalielea mbele yake, hayagusi, na koo lake limevimba. Nikasema, huyu naye anaumwa, tumekwisha.

Siku moja mama mkwe aliteremka nami, jambo asilolizoea. Kando ya jike yule tuliona vitoto vingi, vidogo kama punje za ulezi. Kivuli chetu kilipoangukia maji, jike akafungua mdomo na vitoto vyote vikaingia ndani.

"Iko nakula batoto bake!" mama mkwe alipiga kelele.

Kwa wafugaji, ng'ombe anayemkataa ndama wake hakai kundini. Akamwita mume wangu: "Toa ile shetani mu maji, itatumalizia mbegu!" Mume wangu akamnasa kwa kikapu, akamtia katika beseni yenye maji kidogo, nimpelekee jirani mmoja mkulima, ambaye kwao samaki ni mboga kama mboga nyingine.

Mama mkwe alinifuata nyuma. Katikati ya mlima mgongo ulikataa, nikaweka beseni chini, tukakaa. Maji yakatulia. Jike akafungua mdomo, na vitoto vikatoka, kimoja kimoja, vizima, vikaogelea mbele ya macho ya mama mkwe.

"Hakubakula," mama mkwe alisema polepole. "Alikuwa anabaficha."

"Njo maana alikataa kula, Mama," nikasema. "Aliogopa kubameza."

 Mama mkwe alikuwa amezika watoto wengi kuliko aliowalea, na wote tulijua, hatukuwahi kumtajia. Aliinamia beseni akivitazama vitoto mpaka nikahisi baridi.

"Rudisha huyu na batoto bake," alisema mwishowe. "Tukamate ingine, ya mutoto."

"Nitapika miye, Mama."

"Hapana. Weye utabaki na maziwa. Nyumba haiwezi kukosa mukono wa maziwa. Miye njo nitapika."

Aliwasha moto nyuma ya nyumba, akapika katika chungu kilichopasuka ukingo. Alionja mchuzi kwanza, akinitazama. Kisha akatoa miiba kwa vidole vyake na kumlisha mjukuu wake. Sheria, alisema, haimfungi mtoto ambaye meno hayajatimia. Mimi nilisimama mlangoni nikalia, kwa uchovu na kwa aibu, maana kwa miaka mingi nilimwita mgumu.

Mtoto alipona, polepole sana. Mama mkwe, aliyesuka maziwa tangu usichana, hakushika kibuyu tena mpaka alipokufa, na hakuna aliyemlazimisha. Mtoto alipopata akili alimpelekea kikombe cha maziwa ya moto, akimsukumia mikononi. Mama mkwe alirudisha mikono yake chini ya kitenge.

"Kunywa weye," alimwambia. "Yangu nilishakunywa."